Mfupa Hausomi Majina

Wenzangu kadhaa mliokosa mkutano wa walimu na wanafunzi wa sayansi hapa Arusha mmeniomba maneno niliyoyasema siku ile. Haya hapa, karibu yote. Michoro ya ukutani nimeiacha, na majibu ya watoto nimeyaweka pale nilipoyakumbuka.

Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Walimu wenzangu, habari za asubuhi? Wazazi, asanteni kwa kuliacha shamba siku kama ya leo. Na ninyi vijana? (Shikamoo mwalimu!) Marahaba, marahaba. Kaeni.

Mezani hapa kuna kichupa. Ndani yake mna mafuta ya taa, na ndani ya mafuta mna kipande cha kitu ambacho ukikikata kwa kisu kinakatika kama sabuni ya mche. Ni metali hiyo, msishangae. Ni sodiamu. Tutaifungua mwisho, tena nje, maana ukumbi huu tumeazimwa na mimi sina bati la kulipa.

Nianze na swali. Nani humu amekariri elementi ishirini za mwanzo? (Mikono, karibu yote.) Haya, tuzisikie. (Haidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu...) Inatosha! Mnaziimba vizuri kuliko wimbo wa shule. Nami niliziimba hivyo hivyo, nikapata alama zangu, nikafaulu, na nilikuwa sijaelewa kitu. Jedwali lile la elementi, vitu vya msingi vinavyounda kila kitu, nililiona kama rejista ya mahudhurio: huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu yupo, huyu hayupo. Nilikuwa tayari nimeajiriwa, nafundisha watoto wa watu, ndipo siku moja nikaona kwamba kitu nilichokuwa nimekishika mkononi ni orodha ya koo. Kila safu inayoshuka kutoka juu hadi chini ni ukoo mmoja. Na ukimjua mmoja wa ukoo, umeanza kuwajua wote.

Najua darasani haya mnayasoma kwa Kiingereza. Leo tuyaseme kwa lugha tunayobishania bei sokoni, tuone kama yatakuwa magumu.

Je, udugu huu nani aliugundua? Watu waliunusa kabla ya kuuona. Mwaka 1829 Mjerumani mmoja, Johann Döbereiner, aliona kwamba elementi fulani zinakwenda tatu tatu. Fanyeni hesabu nami. Lithiamu, uzito wa atomi yake, yaani chembe yake ndogo kabisa, ni 7. Potasiamu ni 39. Jumlisha, gawa kwa mbili. (Ishirini na tatu!) Sodiamu ni ngapi? (Ishirini na tatu!) Mtoto wa kati amekaa katikati hasa. Sasa klorini, 35.5, na iodini, 127. Jumlisha, gawa kwa mbili. Mnapata 81 na kidogo. Bromini ni 80. Hapa wa kati amesogea kidogo tu.

Na huyo bromini ana kisa chake. Mkemia mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, aliletewa kimiminika chekundu kilichotoka kwenye maji ya chumvi. Akakiangalia: kinafanana na klorini, kinafanana na iodini. Akaamua ni mchanganyiko wa hao wawili, akaandika kibandiko, akaiweka chupa kabatini. Mwaka 1826 kijana wa Kifaransa, Antoine Balard, akatangaza elementi mpya: bromini. Liebig akaikumbuka chupa yake. Inasemekana aliihamishia kwenye kabati aliloliita kabati la makosa. Mnaona kilichomponza? Sura ya ukoo! Alimwona mtoto anayefanana na kaka zake wawili, akadhani ni kivuli chao.

Mwingereza John Newlands naye alisema kila ukihesabu nane, tabia inarudi, kama noti za muziki. Wakubwa wakamcheka. Mmoja akamwuliza kama alishajaribu kuzipanga kwa alfabeti. Kicheko hicho nimekisikia mara nyingi kwenye vikao vya walimu, basi tu.

Halafu mwaka 1869, Saint Petersburg, akaja mkemia Mrusi, Dmitri Mendeleev. Wakati ule zilijulikana elementi 63. Mendeleev alizipanga kwa uzito, lakini kila uzito ulipogombana na tabia, yeye alisimama na tabia. Hilo ndilo nataka mlishike. Tabia kwanza! Palipokosekana mwenye tabia inayofaa, aliacha nafasi wazi, akasema: hapa kuna mtu, bado hajafika nyumbani. Chini ya alumini aliacha nafasi, akataja na sifa za mgeni. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata galiamu. Akaipima: ujazo wa sentimita moja, gramu 4.7. Mendeleev akamwandikia: pima tena, inapaswa kuwa karibu 5.9. Fikirieni ujasiri huo. Mtu hajawahi kuiona hiyo metali, hajaigusa, anamwambia aliyeishika mkononi kwamba amepima vibaya! Mfaransa akaisafisha, akapima tena. Ikawa 5.9.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha teluriamu na iodini. Kwa mizani, teluriamu ni nzito kidogo kuliko iodini: 127.6 kwa 126.9. Ukifuata mizani, iodini itangulie, ikakae na oksijeni na salfa, nayo teluriamu iende kwa klorini na bromini. Mendeleev akakataa. Iodini ni wa akina klorini, akasema, kila mtu anaona. Akazibadilisha, akadhani mizani ndiyo iliyokosea. Na kumbe mizani haikukosea! Ila uzito haukuwa kipimo chenyewe. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwa eksirei kwamba elementi zinajipanga kwa idadi ya protoni, chembe zinazokaa kwenye kiini cha atomi. Teluriamu 52, iodini 53. Mzee alikuwa sahihi kwa sababu asiyoijua. Moseley mwenyewe aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, ana miaka 27.

Sasa vijana, tabia hii inakaa wapi ndani ya atomi? Inakaa nje, barazani. Sodiamu ina elektroni, chembe zinazozunguka kiini, 11, zimepangwa kwa matabaka: mbili, nane, moja. Potasiamu: mbili, nane, nane, moja. Lithiamu: mbili, moja. Huko ndani kila mmoja ana vyumba vyake, lakini barazani wote wanatoa kiti kimoja. Na jirani anayepita njiani anaona nini? Anaona baraza. Kemia yote ni mambo ya barazani.

Ukoo wa kwanza una elektroni moja barazani na hamu ya kuitoa. Ukoo wa kumi na saba, akina klorini, una saba na hamu ya kupata ya nane. Basi wanaoana. Mahari ni elektroni moja. Sodiamu inatoa, klorini inapokea: chumvi ya mezani. Potasiamu na iodini, vivyo hivyo. Sodiamu na florini, vivyo hivyo. Ndoa zote ni za mtindo mmoja kwa sababu koo ni zile zile. Je, kalsiamu, yenye elektroni mbili barazani? Kalsiamu ina mahari ya wake wawili. Inachukua klorini mbili! (Kicheko.) Wazazi msinipige mawe, ni kemia tu. Na mkinibana kuhusu oksijeni, ambayo yenyewe inataka mahari ya sodiamu wawili kwa mpigo, nitakubali mfano wangu wa ndoa unaishia hapo.

Na haidrojeni? Iko juu ya ukoo wa kwanza, ina elektroni moja, lakini ni gesi. Huyo mhesabuni mpangaji. Anakaa kwenye nyumba, si wa ukoo.

Tuutembelee ukoo huo wa kwanza, na sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Tokeni hapa mwelekee Ziwa Natron. Pale juu yake umesimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai. Volkano nyingine duniani zinatapika lava yenye silika, inayong'aa nyekundu, kwa kawaida nyuzijoto 700 hadi 1,200. Lengai inatapika kaboneti ya sodiamu na potasiamu, nyuzijoto 500 hadi 600 tu, nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari. Ikikutana na unyevu wa hewa, inageuka nyeupe. Hakuna volkano hai nyingine duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Mlima unatutapikia ukoo huo wa kwanza, na sisi tunaupita kwa basi tukitafuta mtandao kwenye simu!

Wanafunzi huniuliza kila mwaka: mwalimu, sodiamu ni S, mbona wameandika Na? Jibu mnalipika nyumbani. Natron ni jina la zamani la magadi. Kutoka natron likaja natrium, ndiyo Na, na ziwa letu limepewa jina la madini hayo hayo. Na K ya potasiamu? Inatoka kalium, na kalium inatoka kwa Waarabu, al-qali, majivu. Waluhya wa magharibi mwa Kenya wanachuja maji kwenye majivu ya mimea na kuyatia kwenye mboga, wanayaita musherekha. Mama yangu alitia magadi kwenye maharage. Huyu ametumia chumvi ya potasiamu, huyu ya sodiamu. Majina mbalimbali, makabila mbalimbali, na chungu kimefanya kazi ile ile: kimelainisha. Je, wale mabibi walihitaji jedwali? Hawakulihitaji. Waliijua tabia.

Tabia ni moja, ukali unapishana. Mkitupia lithiamu kwenye maji, inachemka taratibu. Sodiamu inayeyuka, inakuwa gololi, inakimbiakimbia. Potasiamu inawaka moto wa zambarau. Sesiamu inapasua chombo. Kadiri unavyoshuka ukoo, elektroni ya barazani inakaa mbali zaidi na kiini, na kilicho mbali na mzazi kinaporwa kwa urahisi.

Sasa sikilizeni kisa cha Marekani, maana hapa ndipo mchezo unapogeuka. Miaka ya 1940, wagonjwa wa moyo na shinikizo la damu walikatazwa chumvi. Chakula kikawa chapwa mdomoni, mnajua chakula bila chumvi kilivyo. Watu wakatafuta mbadala: kitu chenye ladha ya chumvi kisicho sodiamu. Wakampata ndugu wa sodiamu, lithiamu. Kloridi ya lithiamu ni nyeupe, inayeyuka, ina ladha ya chumvi. Ikauzwa madukani. Wagonjwa wakanyunyiza kwenye viazi, kwenye mayai, bila kipimo. Wakaanza kutetemeka, kuchanganyikiwa, na baadhi wakafa. Mwaka 1949 ikaondolewa sokoni.

Kwa nini iliua? Kwa sababu figo ilipoiona lithiamu, iliona baraza la sodiamu. Mgonjwa amenyimwa chumvi, figo ina njaa ya sodiamu, inakusanya kila kinachofanana nayo. Lithiamu ikapita mlangoni kama mtoto wa nyumbani, ikajazana.

Na mwaka huo huo wa 1949, daktari wa Australia, John Cade, akachapisha kwamba lithiamu kwa kipimo inawatuliza wagonjwa wa akili wenye wazimu wa kupandwa mori. Mpaka leo ni dawa, dawa nzuri. Ndiyo maana mgonjwa anayeitumia huambiwa: usiache chumvi ghafla, kunywa maji ya kutosha, pima damu. Daktari anamlinda dhidi ya udugu ule ule uliowaua wale wa 1949.

Twende ukoo wa pili: beriliamu, magnesiamu, kalsiamu, stronshiamu, bariamu, radiamu. Nani alipong'oka jino la utotoni alilirusha juu ya paa? (Mikono, pamoja na ya wazee.) Mimi pia. Sasa, katika jiji la St. Louis, Marekani, kuanzia mwishoni mwa 1958, watoto waliombwa wasilirushe popote. Waliombwa walitie kwenye bahasha, walipeleke kwa wanasayansi. Mtoto alirudishiwa beji ya kuonyesha kwamba ametoa jino lake kwa sayansi. Yakakusanywa meno kama 320,000.

Walikuwa wanatafuta nini kwenye meno ya maziwa? Stronshiamu-90. Miaka ile mataifa makubwa yalikuwa yanalipua mabomu ya nyuklia hewani, kwa majaribio. Vumbi likapanda, likasafiri, likashuka na mvua kwenye majani. Ng'ombe akala majani. Katika vumbi mlikuwa na stronshiamu yenye mionzi. Na stronshiamu iko wapi kwenye jedwali? (Chini ya kalsiamu!) Chini ya kalsiamu. Basi inakwenda wapi? Inakwenda kila kalsiamu inakokwenda. Kwenye maziwa. Kwenye mfupa. Kwenye jino la mtoto anayekua. Mfupa hausomi majina. Mfupa unaangalia elektroni mbili na umbo linalokaribiana, unasema karibu ndugu, kaa hapa. Na ikishakaa, inakaa miaka na mionzi yake.

Meno yakapimwa. Watoto waliozaliwa majaribio yalipopamba moto walikuwa na stronshiamu nyingi mno kuliko waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zikatia saini mkataba wa kuacha majaribio ya hewani. Meno peke yake hayakuleta mkataba, tusitie chumvi. Lakini yalikuwa mezani.

Kabla ya hapo, New Jersey, kulikuwa na mabinti waliopaka namba za saa kwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Kazi ilianza mwaka 1917. Walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo: lamba, chovya, paka. Lamba, chovya, paka. Radiamu ni ya mwisho katika ukoo wa kalsiamu. Mnajua ilikokwenda. Taya zao zikaoza.

Na leo? Leo madaktari wa saratani wana dawa ya radiamu-223, kwa wanaume ambao saratani ya tezi dume imeenea mifupani. Wanaichoma mshipani na yenyewe inajua njia. Inakwenda pale pale ambapo mfupa unajijenga kwa pupa, yaani kwenye uvimbe, na mionzi yake haifiki mbali. Jambazi yule yule, sasa kavaa sare.

Nije kwenye ukoo ulioniumba sura. (Mzungumzaji anatabasamu kwa makusudi.) Mmeyaona meno yangu? Nimezaliwa chini ya Mlima Meru, nimenywa maji ya Meru. Niliposafiri Dar es Salaam mara ya kwanza, kijana, kila mtu alinishauri niache sigara. Sijavuta sigara maishani! Wengi humu mnanielewa. Mkitaka kumjua mtu wa kwetu, mwambieni acheke.

Florini. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano, yanabeba floridi, yaani florini iliyokwisha kupata elektroni yake. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuna vijito vinavyopita hapo mara nyingi. Tena magadi ya mama niliyoyasifu punde, nayo mara nyingi yana floridi. Kwa hiyo maharage yamelainika, na jino limelipa.

Hapa mwanafunzi mjanja atasimama aniulize: mwalimu, klorini tunatia kwenye maji ili tunywe salama, florini tunahangaika kuitoa, na unasema ni ukoo mmoja? Swali zuri. Klorini ya dawa ya maji bado haijapata elektroni yake. Ina njaa, inapora kwa vijidudu, vijidudu vinakufa. Iodini unayopakwa kwenye kidonda inafanya hivyo hivyo, ni ukoo huo huo. Lakini floridi ya maji ya Meru imekwisha kuolewa, imetulia, haiui hata bakteria mmoja. Tatizo lake ni pendo jingine: inaipenda sana kalsiamu. Ikifika kwenye jino linalojengwa, inaganda hapo.

Na pendo hilo hilo limetumika kuitoa. Pale Ngurdoto, huku huku Arusha, wamefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa, maji yanapitishwa juu yake. Kalsiamu ya mfupa wa ng'ombe inaidaka floridi kabla haijaifikia kalsiamu ya mwanao. Huyo ng'ombe ametukinga hata baada ya supu.

Ndugu mwingine wa ukoo huu ni iodini, ambayo kwenye pakiti za chumvi tunaiita madini joto. Ilipatikana mwaka 1811 Ufaransa kwenye majivu ya mwani, mwani kama huu wanaoulima akina mama wa Zanzibar. Nyanda za juu, mvua imeusafisha udongo, iodini imebaki kidogo. Mnakumbuka mabibi wenye rovu shingoni? Tezi ile inahangaika kutafuta iodini, inavimba. Chumvi yenye madini joto imewapunguza.

Lakini sikilizeni jambo la kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, kwa ndugu zetu wa Kongo. Watafiti walikuta upande wa kaskazini rovu ni tele, upande wa kusini magharibi ni nadra, na iodini ilikuwa haba kote kote. Tofauti ikaonekana kwenye mihogo. Mhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sianidi, ambayo ni sumu. Mwili unaigeuza kuwa thiosianeti: salfa, kaboni na naitrojeni zimeshikana. Hiyo si elementi, wala haimo kwenye jedwali. Ila ina elektroni moja ya ziada na tabia zinazofanana na za halojeni, yaani akina klorini, hata wakemia wanaiita halojeni bandia. Inafika kwenye mlango wa tezi, mlinzi anadhani ni ndugu wa iodini, na iodini kidogo iliyopo inakwama nje. Hebu fikirieni: huhitaji hata kuwa wa ukoo. Ukijua kuvaa kama wao, mlango unafunguka! Kwa hiyo bibi anapokwambia mhogo ulowekwe siku kadhaa na uanikwe, usimwone mshamba.

Nimezidisha muda, naona mwenyekiti anaangalia saa. Ukoo wa mwisho nitaupitia mbio, na wenyewe hautajali, maana haujali kitu. Heliamu, neoni, agoni na wenzao. Baraza limejaa. Kwa kawaida hawatoi, hawapokei, hawaoi. Kwa sababu hiyo Mendeleev hakuwaacha nafasi. Nani angemtafuta mtu asiyegusana na yeyote? Heliamu ilionekana kwanza kwenye mwanga wa jua, mwaka 1868, na ikapatikana duniani mwaka 1895. Agoni ilipotangazwa, Mendeleev mwenyewe alisita, akadhani labda ni naitrojeni ya atomi tatu. Hata mwenye nyumba anaweza asimtambue mgeni. Na mwaka 2016 ilitangazwa kwamba heliamu imekutwa nyingi kwetu, bonde la Rukwa. Imekaa mwambani muda usiohesabika bila kuungana na chochote, ikisubiri ufa wa kutokea.

Haya, tutoke nje sasa. Beseni lipo chini ya mwembe, lina maji, na nimetia juisi ya rozela, ndiyo maana ni mekundu. Ikitokea alkali yataelekea kwenye kijani. Nitakata kipande kisichozidi punje ya mchele. Potasiamu sina, na ningekuwa nayo nisingeileta mbele ya watoto wa watu. Lakini mkishaona sodiamu inafanya nini, kila mmoja aandike kwenye daftari potasiamu ingefanya nini, halafu sesiamu. Mendeleev hakuiona galiamu, nanyi hamtaiona sesiamu.

Kabla sijafungua: itazama au itaelea? Wewe wa nyuma unasema itazama kwa sababu ni metali? Sawa, umetabiri, simama na utabiri wako. Wa mbele, rudini nyuma hatua tano. Na wewe mwenye simu, usiinamie beseni.